Programu mpya ikae kando ya mfumo wa zamani, isiwekwe moyoni mwake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe dukuduku langu. Wiki mbili zilizopita gazeti lako lilichapa ushauri wa mtaalamu mmoja, akisema ofisi ikiona seva yake, yaani kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu za ofisi, inakataa programu mpya, ijue seva hiyo imekwisha, itolewe na inunuliwe nyingine. Niliusoma nikiwa kwenye daladala ya Ihumwa, mkoba wa vifaa mapajani. Usiku nikausoma tena, usingizi ukagoma mpaka nilipoanza kuandika barua hii.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu. Nina chumba cha kazi Chang'ombe, hapa Dodoma, na tangu mwaka 2009 nimesomesha watoto watatu kwa kazi moja tu: kuhudumia seva za Linux (mfumo endeshi wa bure) za vyama vya wakulima, zahanati na shule za sekondari, kuanzia Bahi hadi Kongwa. Mashine ninazohudumia nyingi ni kuukuu. Nyingine zililetwa na wafadhili, nyingine ni za mtumba, na karibu zote zimekula vumbi jekundu la huku miaka na miaka. Zinafanya kazi, tena kazi nzuri. Nyingi ya zile nilizozizika ziliuawa na watu waliotaka kuzilazimisha zifanane na laptopu mpya ndani ya siku moja.

Agosti iliyopita, katikati ya msimu wa zabibu, simu yangu iliita Alhamisi saa nne kasoro robo asubuhi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

Hakujibu. Nilisikia upepo kwenye simu, nikajua yuko nje ya jengo. Kisha akasema, "Mama, nimeharibu seva ya chama."

Kijana huyu namfahamu. Amemaliza chuo, ana akili, ana adabu, na alikuwa amepewa kazi na chama kimoja cha akiba na mikopo cha wakulima wa zabibu, nje kidogo ya mji. Kazi yenyewe ilikuwa ripoti ya mikopo: karani aweze kuiona kwenye simu akiwa mapokezi, badala ya kwenda kuichapa chumba cha ndani kila mwanachama anapouliza deni lake. Kazi nzuri na ya maana. Meneja alimwambia anaitaka kabla ya mkutano wa Ijumaa. Kijana akaiandika nyumbani kwake, kwenye laptopu yenye Ubuntu 22.04, aina mojawapo ya Linux, na toleo jipya la Node.js, chombo cha kuendeshea programu kama ile yake. Nyumbani ikafanya kazi vizuri kabisa. Alipoihamishia kwenye seva ya chama, yenye CentOS 7, Linux ya zamani zaidi niliyoisakinisha mimi mwenyewe mwaka 2016, ikamjibu mstari mmoja: `/lib64/libc.so.6: version 'GLIBC_2.28' not found`.

Nilimuuliza swali moja tu. "Lile dirisha ulilokuwa unaandikia amri, bado liko wazi?"

"Liko wazi."

"Rudi ndani ukae mbele yake. Usilifunge. Usizime mashine. Meneja akikuita, mwambie mama amekukataza kunyanyuka. Nakuja."

Nilichukua bodaboda. Njiani nilikuwa naomba Mungu umeme usikatike.

Sasa Mhariri, wasomaji wako wengi si mafundi, kwa hiyo nieleze kidogo alichokifanya. Kwenye Linux karibu kila amri, hata ile ndogo ya kuorodhesha mafaili, kuna kazi za msingi ambazo haizifanyi peke yake: kufungua faili, kusoma saa, kuomba nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine. Kazi hizo huziazima kwenye maktaba moja iitwayo libc. Ni kama kijiji kizima kinachochota maji kisima kimoja. Na sisi wa Dodoma tunajua kisima kimoja kikiharibika inakuwaje. Kwenye CentOS 7 kisima hicho ni faili liitwalo libc-2.17.so. Jina libc.so.6 ambalo programu huliulizia ni kiungo tu, kidole kinachoelekeza kwenye faili lile.

Kijana alitafuta dawa ya kosa lake, akakuta ushauri wa mtu: pakua libc mpya, iweke kwenye seva, geuza kiungo kielekee huko. Akafanya hivyo. Amri moja. Libc mpya haielewani na kipakiaji cha zamani kinachoziamsha programu, hivyo kuanzia sekunde ile hakuna programu iliyoweza kuamka. Aliandika `ls`, ikafa. Akaandika `cp` ili arudishe faili la zamani, ikafa. Akajaribu kuingia upya kutoka kwenye laptopu, seva ikamkatalia. Kilichobaki hai ni dirisha lile moja, kwa sababu lilikuwa limeshaipakia libc ya zamani kwenye kumbukumbu kabla hajagusa kitu. Angelifunga, au angezima na kuwasha, mashine isingeamka tena yenyewe.

Nilipofika, wanachama kama arobaini walikuwa wamekaa chini ya mwarobaini nje ya ofisi. Wengine walileta marejesho, wengine walikuja kuomba mkopo wa kuwalipa vibarua wa kuvuna. Zabibu haisubiri. Ikiiva leo unaikata leo, na kibarua halipwi kwa maneno. Kina mama wawili walikuwa wamefika tangu alfajiri. Ndani, meneja alikuwa amesimama nyuma ya kijana amekunja mikono, na kijana alikuwa amekaa vilevile nilivyomwagiza, shati limelowa mgongoni.

Dirisha lilikuwa la root, mkuu wa mfumo. Bahati. Nikaandika:

`/sbin/sln /lib64/libc-2.17.so /lib64/libc.so.6`

Amri ya `sln` ipo kwa ajili ya siku kama ile. Kazi yake ni kutengeneza kiungo tu, lakini imefungashwa na kila inachohitaji ndani yake yenyewe, haiazimi libc wala chochote. Ni mtu mwenye maji yake ya akiba nyumbani. Nikabonyeza, haikutoa neno. Nikaandika `ls`. Majina ya mafaili yakashuka kwenye skrini. Kijana alifunika uso kwa viganja, na meneja akaenda dirishani kuwaambia watu waanze kuingia.

Mambo yale yalichukua chini ya dakika moja. Lakini Mhariri, chama kile kina vitabu vya akiba vya watu wasio na akiba nyingine popote. Nakala rudufu ya mwisho ilikuwa ya usiku wa jana yake, ninaihakikisha mwenyewe, kwa hiyo fedha zisingepotea. Asubuhi nzima ya marejesho ingepotea, na imani pia. Nimeona chama kingine kikirudi kwenye daftari la mkono baada ya jambo kama hili, na hawajataka kompyuta tena mpaka leo.

Ushauri wa mtaalamu wenu unaniumiza kwa sababu ni ndugu wa ushauri uleule aliokutana nao kijana. Mmoja anasema mashine ya zamani itupwe, mwingine anasema ing'olewe moyo ipandikizwe mpya. Wote wawili wanaamini kwamba programu mpya na mfumo wa zamani haviwezi kukaa nyumba moja. Vinaweza. Nimeviweka pamoja miaka yote hii, na kila siku ya kazi navikuta vimeamka salama.

Niwaeleze vijana wenye kazi hii, maana najua wanasoma gazeti hili.

Kwanza msome ujumbe wa kosa mpaka mwisho. Ule mstari ulikuwa umemwambia kijana kila kitu. Namba 2.17 ni glibc, yaani libc ileile ya Linux, ya Desemba 2012. Namba 2.28 ni ya Agosti 2018. Seva ilikuwa inasema: umeniletea programu iliyojengwa na watu wanaotegemea kitu kilichozaliwa karibu miaka sita baada ya changu. Programu ikijengwa, hubandikwa ndani yake majina ya matoleo ya kazi inazohitaji. Libc mpya huendelea kutunza majina ya zamani, ndiyo maana programu iliyojengwa mwaka 2014 hufanya kazi kwenye mashine ya leo. Libc ya zamani haiwezi kujua majina ambayo hayakuwapo. Kwa hiyo njia ni moja, ya kutoka zamani kwenda mbele. Ukitaka programu yako ikubalike kila mahali, ijenge kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unayotarajia kuikuta.

Hili silitungi mimi. Watu wa lugha ya Python duniani kote wana kiwango kiitwacho manylinux2014 cha kufungasha maktaba zao, na kiwango hicho kimewekwa juu ya CentOS 7 na glibc 2.17 ileile. Walienda kujenga kwenye mfumo wa zamani kwa makusudi, ili kazi yao ifike kwa watu wengi. Watu wa lugha ya Rust nao, toleo la 1.64 la mwaka 2022, walipopandisha mahitaji yao waliishia glibc 2.17 na keneli (kiini cha mfumo) 3.2. Mafundi wakubwa wanamhesabu mwenye mashine kuukuu. Sisi wenye mashine kuukuu nyingi kuliko wao tunamwambia mtu wetu aitupe.

Pili, ukitaka kifaa kipya kiweke kando, kwenye saraka (folda) yake, usikiweke juu ya kile cha mfumo. Kompaila ya CentOS 7, yaani chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu, ni GCC 4.8.5, ya mwaka 2015, na msimbo mwingi wa lugha ya C++ wa siku hizi inaukataa. Haina haja ya kuiondoa. Kuna mkusanyiko uitwao devtoolset unaokaa peke yake ndani ya /opt/rh. Unaandika `scl enable devtoolset-11 bash`, na ndani ya dirisha lile tu GCC inakuwa ya 11. Ukiandika `exit`, umerudi kwenye ya zamani na mfumo haujui kama ulitoka. Uzuri wake mwingine nilioupenda tangu siku ya kwanza: vipande vipya vya maktaba ya C++ hufungwa ndani ya programu yenyewe, hivyo ukiijenga Chang'ombe unaweza kuipeleka kwenye seva ya Mpwapwa isiyo na devtoolset, na inaamka.

Python ni hivyohivyo, na hapa nina kidonda changu. Mwaka 2012, kwenye seva ya CentOS 6 ya shule moja, nilitaka Python 2.7 na mfumo ulikuwa na 2.6. Niliijenga mpya nikageuza jina `python` lielekee kwake. Kesho yake mwalimu ananipigia, `yum` haifanyi kazi, inalalamika kwamba hakuna moduli iitwayo yum. Kumbe `yum`, chombo kinachosakinisha kila kitu, chenyewe kimeandikwa kwa Python ya mfumo, na mimi nimeinyang'anya. Nilirudisha kiungo kikapona, lakini hofu ya siku ile sijaisahau. Kwenye CentOS 7 ukifanya kosa hilohilo kwa Python 3, `yum` itakuonyesha kosa la sintaksia kwenye mstari wake wa 30, penye `except KeyboardInterrupt, e:`, kwa sababu ule ni uandishi wa Python 2. Tangu hapo najenga kwa `make altinstall` peke yake, si `make install`. Inakupa python3.11 kwa jina lake kamili, na jina la mfumo linabaki kwa mwenyewe. Mwenye kujenga Python kuanzia 3.10 kwenye CentOS 7 ajiandae na jambo moja: inadai OpenSSL 1.1.1, maktaba ya mawasiliano ya siri mtandaoni, na mfumo una 1.0.2. Ujenzi utakamilika bila kelele, halafu pip, chombo cha Python cha kupakulia maktaba, itashindwa kupakua chochote kwa sababu moduli ya ssl haikuzaliwa. Nilikesha usiku mmoja na bando la mtoto wangu likaisha kabla sijalijua hilo. Dawa ni kifurushi cha openssl11 kutoka EPEL, hazina ya vifurushi vya ziada, nacho hukaa kando ya ile ya zamani.

Ukiandika kwa lugha ya Go bila kuita msimbo wa lugha ya C, ukijenga kwa `CGO_ENABLED=0` unapata faili moja lisilodai libc ya mtu. Unalinakili kwenye seva, limekwisha. Kwa vyama vidogo mimi siku hizi nashauri hivyo.

Kontena, yaani programu zilizofungashwa pamoja na vyote zinavyohitaji, nazo zinasaidia, maana kila kontena huja na libc yake. Lakini kijana asidanganyike kwamba kontena ni mashine nyingine. Keneli ni ileile ya mwenyeji, na kwenye CentOS 7 ni 3.10. Docker, chombo cha kuendeshea kontena, iliyo chini ya toleo 20.10.10 husumbua na mifumo yenye glibc 2.34 kwenda juu. Nimeitwa mara mbili kwa kosa hilo, watu wakilaumu mtandao.

Alhamisi ile, baada ya wanachama kuhudumiwa, nilikaa na kijana mpaka jioni. Nilimwonyesha kwamba wanaojitolea upande wa Node.js hutengeneza nakala isiyo rasmi iliyojengwa kwa glibc 2.17, maana nakala rasmi kuanzia Node 18 zinadai 2.28. Aliipakua mwenyewe, akaifungua ndani ya /opt, akatengeneza mtumiaji wa mfumo kwa ajili ya programu yake peke yake, akaiwasha. Saa kumi na moja na nusu karani alikuwa anatembea na simu yake ukumbini akisoma madeni. Mzee mmoja aliyebaki aliomba aone lake. Alilisoma kwa sauti, namba moja moja, akasema ni sawasawa na lililo kwenye daftari lake.

Libc tuliiacha ilivyo tangu 2016, na hakuna senti iliyotoka kununua seva.

Nisije nikaeleweka kwamba nawaambia watu wabaki na CentOS 7 milele. Masasisho yake ya bure yalikoma tarehe 30 Juni 2024. Anwani iliyokuwa ikielekeza `yum` kwenye hazina zake imezimwa, na mwenye kuhitaji kifurushi sasa lazima aelekeze kwenye vault.centos.org, kwenye kumbukumbu za zamani zisizotiwa viraka. Mashine ya namna hiyo isiwekwe uso kwa uso na intaneti. Ya chama kile inasikiliza ndani ya mtandao wa ofisi tu, na ile simu ya karani inaisoma ikiwa ndani ya ofisi, nje haiwezi. Mipango ya kuhamia AlmaLinux 8, ndugu mpya zaidi wa CentOS 7, ipo; hiyo ina glibc 2.28 na masasisho hadi 2029. Kilichotuchelewesha ni kadi ya kudhibiti diski: RHEL 8, mfumo ambao AlmaLinux 8 imejengwa juu yake, uliondoa msaada kwa kadi kadhaa za zamani, na ya chama ni mojawapo. Nilijaribu kwa diski ya pembeni, kisakinishi hakikuziona diski kabisa. Kadi nyingine ya mtumba itanunuliwa baada ya mavuno ya mwezi wa pili. Muuzaji mmoja aliwapa makadirio ya seva mpya ya shilingi milioni kumi na moja. Hizo ni mbegu, mbolea na waya wa mizabibu kwa watu wangapi, mtaalamu wenu apige hesabu.

Kuhama ni lazima, ila kuhama kuna ratiba yake: nakala rudufu, mashine ya majaribio, siku isiyo ya marejesho. Kijana aliyeambiwa "nataka ifanye kazi leo" hapewi nafasi ya kufanya hata kimoja. Kwa hiyo lawama zangu kubwa ziko kwa wakuu wa ofisi. Mnamwajiri kijana kwa kazi ya wiki, hamumwelezi kuna mashine gani, hamumwonyeshi fundi aliyeisakinisha, mnampa nywila ya root na tarehe ya mwisho. Akishindwa mnasema vijana wa siku hizi hawajui. Meneja yule alitaka kumfukuza. Nilimwomba asimfukuze, na nashukuru alinisikiliza.

Kwa walimu wa vyuo nina ombi. Mnafundisha kwa matoleo mapya kabisa, na ni sawa, lakini mwanafunzi atakayepelekwa kazini Chamwino au Kondoa atakuta seva ya mwaka 2014 imefunikwa kitenge. Mpeni muhula mmoja, hata nusu, afanye kazi kwenye mfumo wa zamani asioruhusiwa kuubadilisha. Ajue `ldd` inavyoonyesha programu inategemea nini, ajue tofauti ya /usr (vitu vya mfumo) na /opt (vitu vya ziada), ajue kwamba `ldd --version`, inayoonyesha toleo la libc, ndiyo amri ya kwanza kabla hajaandika mstari wowote wa msimbo kwa mteja.

Na kwako Mhariri, naomba mtaalamu aliyeandika ule ushauri aisome barua hii. Akipita Dodoma namkaribisha Chang'ombe. Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri huwa na vijana sita hadi tisa chumbani kwangu, bila malipo, na kuna mashine moja ya mazoezi ya CentOS 7. Tangu Agosti nimeongeza zoezi. Nageuza kiungo cha libc kwa makusudi mbele yao, naacha dirisha moja wazi, natoka nje kuchemsha chai. Anayekaa kwenye kiti airudishe.

Jumamosi iliyopita aliyekaa alikuwa binti wa Kongwa, amemaliza kidato cha sita na anasubiri chuo. Nilirudi na birika nikakuta `ls` inafanya kazi. Nikamuuliza kama alikumbuka `sln`. Akasema hapana, jina lilimtoka, ila aliwaza kwamba kama libc ya zamani bado ipo kwenye diski, basi amri inaweza kulazimishwa iichukue hiyo kwanza. Alikuwa ameandika `LD_PRELOAD=/lib64/libc-2.17.so ln -sf /lib64/libc-2.17.so /lib64/libc.so.6`. Njia hiyo sikuwa nimewafundisha.

Wako katika kazi,
Fundi wa kompyuta,
Chang'ombe, Dodoma.